Mtihani Usio na Muhtasari

Kuna mitihani ya aina mbili duniani. Upo ule ambao mtu akishindwa hurudia darasa, na upo ule ambao mtu akishindwa hukosa hata mahali pa kurudi. Mtihani wa uraia ni wa aina hii ya pili. Kwa sababu hiyo naona ni haki uchambuliwe kwa ukali ule ule tunaoutumia kuchambua mtihani wa kumaliza darasa la saba, na ikiwezekana kwa ukali zaidi. Wengi wameuzungumzia kwa jicho la sheria, na wengine kwa jicho la siasa. Mimi si mwanasheria wala mwanasiasa. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha, nikawa mwalimu mkuu, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutunga mitihani na kuisahihisha. Basi nitautazama kama mtihani, wala sitatoka nje ya mipaka hiyo ila pale itakapobidi.

Chuoni tulifundishwa kwamba kila mtihani una maswali manne ya kujibu kabla haujamuuliza mtahiniwa swali hata moja. La kwanza: je, unapima kile unachodai kukipima? La pili: je, upo muhtasari, yaani mtahiniwa anajua mapema ni mambo gani atakayoulizwa? La tatu: je, upo mwongozo wa kusahihishia, kiasi kwamba wasahihishaji wawili wakipewa karatasi moja watatoa alama zinazokaribiana? La nne: je, matokeo hutolewa kwa wakati, na mwenye malalamiko ana mahali pa kuyapeleka? Mtihani ukikosa moja kati ya hayo manne, una kasoro. Ukikosa matatu, huo si mtihani tena, ni bahati nasibu.

Tuanze na mitihani ya mbali, kwa sababu vijana wetu wa Afrika Mashariki wametapakaa duniani, na wazazi walio vijijini hupigiwa simu usiku kuambiwa, "Baba, niombee, kesho nafanya mtihani wa uraia." Ni vizuri mzazi ajue anaombea kitu gani.

Uingereza mtihani huo hufanywa kwenye kompyuta. Maswali ni 24, muda ni dakika 45, na anayepata 18 amefaulu. Ada yake ni pauni 50, na aliyeshindwa anaweza kurudia baada ya siku 7 akilipa tena. Kuna kitabu rasmi cha kusoma, na toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2013. Kanada maswali ni 20, na kufaulu ni 15. Wanaofanya ni wenye umri wa miaka 18 hadi 54. Ujerumani, waliokuwa wakoloni wetu hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, huuliza maswali 33 kwa saa moja, na 17 yanatosha. Hayo 33 huchukuliwa kutoka orodha ya maswali 310 iliyo wazi kwa kila mtu.

Marekani hakuna karatasi ya kuchagua jibu. Mwombaji hukaa mbele ya afisa, akaulizwa kwa mdomo. Tangu mwaka 2008 orodha ilikuwa na maswali 100. Mwombaji aliulizwa hadi 10, na akipata 6 alifaulu. Walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana orodha ya maswali 128. Huulizwa hadi 20, na wanatakiwa kupata 12. Pamoja na hayo, mwombaji husomeshwa sentensi ya Kiingereza na kuandikishwa nyingine: hupewa nafasi tatu za kusoma na tatu za kuandika, na moja iliyo sawa katika kila upande inatosha. Wazee wamefikiriwa: mwenye miaka 50 aliyekaa huko kama mkazi wa kudumu kwa miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa miaka 15, husamehewa Kiingereza na anaweza kujibu kwa lugha yake kupitia mkalimani. Aliyeshindwa hupewa nafasi ya pili kati ya siku 60 na 90 baadaye.

Tukiipima mitihani hii kwa maswali yetu manne, lazima tukiri kwamba imefaulu matatu kwa alama nzuri. Muhtasari upo, tena unauzwa madukani au unagawiwa bure. Mwongozo wa kusahihishia upo. Matokeo hutoka upesi, na kurudia kunaruhusiwa. Kijana anayeamka alfajiri kukariri anajua hasa anakariri nini. Hilo si jambo dogo.

Ila swali la kwanza ndilo linaloiangusha. Inapima nini? Profesa Thom Brooks wa Chuo Kikuu cha Durham, ambaye ni mzaliwa wa Marekani na aliufanya mtihani wa Uingereza yeye mwenyewe, alichapisha uchambuzi mwaka 2013 akasema haufai kwa kazi yake. Alionyesha kwamba katika toleo jipya la kitabu, mambo ya maisha ya kila siku kama vile kujiandikisha kwa daktari au kutoa taarifa ya uhalifu yalikuwa yameondolewa, lakini mgeni anatakiwa kujua urefu wa lile gurudumu kubwa la kutalii lililo kando ya mto Thames. Mwalimu yeyote anaitambua kasoro hiyo. Ni ya mtungaji aliyechoka, anayefungua kitabu, akanyooshea kidole tarakimu ya kwanza anayoiona, akaigeuza kuwa swali. Mtoto akijibu tumejua kwamba ana kumbukumbu. Hatujajua kama ana akili, sembuse kama ana uraia.

Dalili nyingine ni hii. Mwaka 2018 taasisi ya Woodrow Wilson iliwapima Wamarekani kwa maswali yaliyotolewa katika mtihani wao wa uraia, ikaona kwamba ni kama mmoja tu katika kila watatu ndiye angefaulu. Darasani, wanafunzi bora wakishindwa mtihani, tunautilia shaka mtihani. Hapa wenye nyumba wenyewe wanashindwa, na mgeni ndiye anayefaulu. Sisemi maswali hayo hayana maana. Kujua mihimili ya dola na haki ya kupiga kura kuna maana. Nasema tu kwamba uraia ni jinsi mtu anavyoishi na wenzake, na jambo hilo halikai vizuri katika maswali ya kuchagua A, B au C.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania hatuna mtihani wa karatasi. Tuna Sheria ya Uraia Na. 6 ya mwaka 1995, inayotaja aina tatu za raia: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Mgeni anayeomba tajnisi anatakiwa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Awe amelisaidia au anaweza kulisaidia taifa katika uchumi, sayansi, teknolojia au utamaduni. Na awe amekusudia kuendelea kuishi hapa. Jina lake hutangazwa gazetini ili mwenye pingamizi aseme. Akikubaliwa, huukana uraia wake wa zamani na kula kiapo cha utii.

Katika orodha hiyo kuna mambo mazuri kuliko yale ya Uingereza. Miaka saba ya kuishi na watu, tabia njema, ushuhuda wa majirani: hayo yanakaribia kiini cha uraia kuliko urefu wa gurudumu. Kwa swali la kwanza, basi, naipa sheria yetu alama nzuri. Nina dosari moja tu hapo, nayo ni hilo neno "au". Kwa mujibu wa neno hilo, mtu anaweza kuwa Mtanzania bila kuweza kumwamkia mama lishe wa sokoni Nkwenda, mradi anajua Kiingereza. Wakenya katika sheria yao ya mwaka 2011 wanataka mwombaji aweze kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Naona wametushinda katika jambo ambalo sisi ndio tuliojigamba nalo.

Lakini tukifika swali la pili, la tatu na la nne, kalamu nyekundu inaanza kufanya kazi. "Tabia njema" hupimwa vipi? "Ujuzi wa kutosha" ni kiasi gani? Muhtasari haupo. Mwongozo wa kusahihishia haupo mikononi mwa mtahiniwa. Na kuhusu malalamiko, sheria hiyo hiyo inasema waziri halazimiki kutoa sababu ya kukubali wala kukataa ombi, na kwamba uamuzi wake hauwezi kukatiwa rufaa wala kupitiwa na mahakama. Fikiri, ndugu msomaji, mwalimu mkuu anayebandika matokeo ukutani na chini yake kaandika: hakuna alama, hakuna sababu, hakuna kuuliza. Wazazi wangekuja shuleni na fimbo.

Hata hivyo, kwetu mpakani anayesumbuka zaidi si mgeni anayeomba tajnisi. Ni mzaliwa. Huyu hajui kuwa yumo katika mtihani mpaka siku anapokwenda kuomba kitambulisho cha taifa au pasipoti, na tangu Januari mwaka 2020, zilipoanza kuzimwa laini za simu ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho, hata kuwa na simu kwa jina lako kunapitia mlango huo.

Namkumbuka mwanafunzi wangu mmoja, msichana mwenye bidii, ambaye baadaye alikuwa mwalimu, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa Uraia. Somo hilo ndilo lililochukua nafasi ya Siasa baada ya nchi kuingia katika vyama vingi mwaka 1992. Kwa miaka aliwafundisha watoto haki na wajibu wa raia, bendera, ngao ya taifa, ngazi za serikali kuanzia kitongoji. Siku aliyokwenda kuomba kitambulisho hakuulizwa hata moja ya hayo. Aliulizwa majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, ukoo, muziro, na kila mmoja amezikwa wapi. Alijibu yote isipokuwa moja: hakuweza kuonyesha kaburi la babu mzaa baba. Familia yao ilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974, na pale palipokuwa kiambo chao wamelima watu wengine. Aliambiwa alete uthibitisho. Uthibitisho gani, hakuambiwa. Ilimchukua muda unaokaribia miaka mitatu, na muda huo wote aliendelea kusimama mbele ya darasa akifundisha kwamba kila raia ana haki ya kutambuliwa na dola yake.

Sitaji ofisi wala mtu, kwa kuwa sitaki shauri. Nataka kuuchambua mtihani. Swali la kaburi lina kasoro ya kwanza: halipimi linachodai kupima. Uraia wa kuzaliwa kwa sheria zetu ulitegemea mahali mtu alipozaliwa na wazazi wake. Tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika na kuwa na mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika, akiwa chini ya himaya au ulinzi wa Uingereza kama walivyokuwa watu wetu, aliamka raia. Sheria haikutaja kaburi. Kaburi hupima kama familia ilihamishwa au haikuhamishwa, na aliyewahamisha watu mwaka 1974 ni serikali hiyo hiyo inayouliza.

Swali la muziro na ukoo lina kasoro nyingine. Koo zetu ni kongwe kuliko mipaka. Wahinda walitawala Karagwe, na Wahinda walitawala Nkore, ambayo leo iko Uganda. Mpaka wa Wajerumani na Waingereza ulikubaliwa Ulaya mwaka 1890, na waliokubaliana hawakuwa wameuliza nani ni shemeji ya nani. Ukisimama Murongo unaiona Kikagati ng'ambo ya mto Kagera, na salamu zinavuka bila mkalimani. Mtu akijibu kwamba ukoo wake uko pande zote mbili, jibu hilo ni sahihi. Mtihani unaompunguzia mtu alama kwa kutoa jibu sahihi umetungwa vibaya.

Kibaya kuliko vyote ni mtihani usiotamkwa, yaani ule wa sikio. Msailiwa anasema "rara" mahali pa "lala", na tayari amewekewa alama ya kuuliza. Wanyambo wengi, na majirani zetu Wahaya, huchanganya r na l wanapozungumza Kiswahili, kama wanavyochanganya majirani wa ng'ambo. Sikio la mtu aliyekuja kutoka mkoa mwingine haliwezi kuwatenganisha. Mtihani wa namna hii ni wa kale sana. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walikaa kwenye vivuko vya Yordani wakimtaka kila avukaye atamke neno Shibolethi. Aliyeshindwa kutamka "sh" aliuawa, na Biblia inahesabu watu 42,000. Nasi tuna mto na vivuko. Nawaomba wanaohusika waisome sura hiyo kwa utulivu.

Msomaji mwenye haki ataniuliza: Je, Mwalimu, unataka milango iachwe wazi? La hasha. Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa kuwa mpaka ni kitu cha kulinda. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoani kwetu mwaka 1978. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa kama siku moja. Serikali ina kila sababu ya kuuliza nani ni nani. Tena nchi hii ilikwisha kuonyesha moyo mkubwa. Wakimbizi wa Rwanda waliokuja tangu mwisho wa miaka ya 1950 walipewa ardhi Muyenzi kule Ngara, Mwesi kule Mpanda, na huku kwetu Karagwe, na mwaka 1980 zaidi ya 30,000 kati yao walifunguliwa mlango wa uraia. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 nao waliahidiwa, na zaidi ya 160,000 walikubaliwa kufikia mwaka 2010. Ni nchi chache duniani zilizofanya hivyo.

Lakini tazama jinsi moyo mkubwa unavyoharibiwa na utaratibu mbaya wa matokeo. Hao Warundi waliokubaliwa walianza kugawiwa vyeti vyao mwishoni mwa mwaka 2014. Kwa miaka hiyo yote walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa zamani na hawajashika karatasi ya mpya. Ni kama kumwambia mtoto amefaulu, umtoe shule ya msingi, na usimwonyeshe shule ya sekondari iko wapi.

Na upande mwingine, mwaka 2013 ilikuja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu waliondolewa. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika kwamba wamo waliokuwa wamekaa miongo na miongo, na wamo waliokuwa na ndoa na watoto wa hapa. Mtihani wa siku hizo ulifanyika barabarani na milangoni, na msahihishaji alikuwa yule aliyeshika bunduki. Siandiki haya kumlaumu askari, askari hutumwa. Nauliza tu: mwongozo wa kusahihishia ulikuwa wapi?

Asidhani mtu kwamba mtihani huu ni wa wanyonge peke yao. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji wa magazeti, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, hakuwa raia. Alitakiwa kuomba, akaomba, akapewa. Naye ni mtu wa mkoa wetu. Jiulize: mtu aliyeaminiwa kuongoza wilaya anashindwaje mtihani ambao aliyeongozwa naye hakuulizwa?

Kesi iliyonifundisha zaidi ni ya Anudo Ochieng Anudo. Alikwenda polisi mwaka 2012 kwa shughuli za kufunga ndoa, pasipoti yake ikashikiliwa kwa mashaka ya uraia. Mwaka 2014 alifukuzwa kwenda Kenya; Kenya nayo haikumtambua, na akajikuta anaishi katika ukanda usio wa nchi yoyote hapo mpakani Sirari. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, ilitoa hukumu tarehe 22 Machi 2018. Ilisema kwamba mtu ambaye dola ilimtambua muda wote kuwa raia hawezi kubebeshwa yeye mzigo wa kuthibitisha. Anayesema si raia ndiye athibitishe. Kwa lugha ya darasani: ukimtuhumu mtoto kwamba alinakili, wewe mwalimu ndiye ulete ushahidi, usimwambie mtoto athibitishe kwamba hakunakili. Sioni uwezekano wa kulisema jambo hili vizuri zaidi.

Nimesema ushuhuda wa kijiji ni sehemu bora ya mtihani wetu, na nasimama hapo, ila kwa tahadhari. Mwenyekiti wa kitongoji na majirani wanamjua mtu kuliko kompyuta yoyote. Wanajua nani alichimba kaburi la nani, nani alichanga ujenzi wa darasa, nani alikuwa zahanati usiku mtoto wa jirani alipougua. Huo ndio uraia wenyewe. Lakini jirani huyo huyo anaweza kuwa na kesi ya mpaka wa shamba la kahawa. Neno moja, "huyo walitoka ng'ambo", ni rahisi kulisema kuliko kushinda kesi barazani. Kwa hiyo ushuhuda wa kijiji uchukuliwe mbele ya watu, uandikwe, usainiwe, na anayeshuhudiwa ausikie na aujibu. Ushuhuda wa kunong'ona usipewe hata nusu alama.

Mapendekezo yangu ni ya mwalimu, na ni mafupi. Maswali ya usaili yachapishwe na kubandikwa katika ofisi ya kila kijiji. Orodha ya vielelezo vinavyokubalika iwe moja, ikiwemo cheti cha ubatizo, daftari la shule, kadi ya kliniki na kumbukumbu za kijiji, kwa kuwa wazee wetu wengi walizaliwa pasipo cheti cha serikali. Muda wa kujibu uwekwe. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, na awepo mtu wa juu wa kuipitia. Hakuna hata moja katika hayo linalopunguza ulinzi wa mpaka. Msahihishaji mwenye mwongozo huwanasa wadanganyifu wengi kuliko asiye nao.

Mpaka hayo yatakapofanyika, mtahiniwa wa Nkwenda atarajie nini? Atarajie kuulizwa habari za watu kuliko habari za katiba. Atarajie kurudishwa nyumbani angalau mara moja. Atarajie swali lile lile kuulizwa kwa namna mbili, kwa kuwa msaili anatafuta tofauti. Ajibu kwa ufupi na asiongeze chumvi. Asilolijua aseme halijui, maana jibu la kubuni huishi katika faili miaka mingi. Jina lake liandikwe namna moja katika kila karatasi. Jina lililoandikwa kwa r shuleni na kwa l kanisani limewachelewesha wengi. Atunze nakala ya kila anachokabidhi, na tarehe aliyokabidhi.

Na wazazi wana kazi yao, nayo haina ada. Chukueni daftari. Andikeni majina kamili ya baba, mama, babu na bibi wa pande zote, kijiji cha kila mmoja kabla na baada ya mwaka 1974, parokia au usharika aliobatiziwa au msikiti aliokuwa akiswali, shule aliyosoma na mwaka aliomaliza. Waulizeni wazee walio hai wiki hii, maana hawa ndio muhtasari pekee tulio nao, na kila mwaka tunawazika wawili watatu.